Chenji Utapata Mbele

Kuna maneno matatu ambayo mkaazi wa Likoni huyasikia mara nyingi kuliko salamu: chenji utapata mbele. Konda huyasema akiwa ameshakupa mgongo, noti yako ameikunja kwa urefu na kuibana kidoleni pamoja na za wenzako, nusu ya mwili wake iko nje ya mlango. Mbele ni wapi? Ukitoka Ukunda, mbele ni Tiwi. Ukifika Tiwi, mbele imesogea Waa. Baada ya Waa imehamia Ng'ombeni, na gari likifika Shika Adabu (jina ambalo laiti konda angelisoma kwa sauti) abiria ameshaanza kukohoakohoa ili akumbukwe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, asije mtu akanisoma mpaka chini ndipo ajue nataka nini. Chenji ni deni. Anayeuza ndiye wa kuamka nayo, na akisema hana, hasara iwe yake. Sisi tumelipindua jambo: mnunuzi ndiye anayeambiwa akatafute pesa ndogo, mnunuzi ndiye anayengojeshwa, na mnunuzi ndiye anayeonekana bahili akidai kumi lake. Kuna nchi gani nyingine ambapo mdai ndiye anayeona haya?

Noti moja, watu wawili

Juzi nilipanda matatu Ukunda kuja feri. Nauli ilikuwa 100. Nilitoa noti ya 200. Mama aliyeketi kando yangu, mwenye leso ya kahawia na kikapu cha maembe mabichi, naye akatoa 200. Tulipofika Likoni, watu wanashuka kwa kusukumana, konda akanitia mkononi noti moja ya 200.

"Mzee wangu, hiyo ni yako na mama. Mtagawana."

Kabla sijatia neno, ameshageuka anaita "Ukunda, Diani, Ukunda!" na abiria wapya wanapanda.

Tukasimama stejini, mimi na mama nisiyemjua hata jina, tumeozeshwa kwa noti. Mmoja hawezi kwenda zake bila mwenzake. Tukamwendea muuza maji: hana. Muuza viatu vya mtumba: hana, ndio kwanza anafungua. Wakala wa simu alitutazama dirishani akatikisa kichwa kabla hatujafungua mdomo. Kule chini king'ora cha feri kimelia na watu wameanza kukimbilia mteremko. Mwishowe aliyetuokoa ni kijana muuza mihogo ya kukaanga, naye kwa sharti: "Nunueni kitu." Tukanunua mihogo ya 20, ikafungwa gazetini, ikakamuliwa ndimu na kunyunyizwa pilipili. Zikabaki 180. Tisini zake, tisini zangu.

Mama akacheka. "Basi baba, nauli leo ni mia na kumi."

Konda hakutuibia hata senti, na ukimshitaki utaonekana umechanganyikiwa. Lakini shilingi 20 zilitutoka mifukoni ili tupate ruhusa ya kushika kilicho chetu. Nami njaa sikuwa nayo. Tuliingia feri tukitafuna, na nikiwa nimebanwa katikati ya baiskeli na mkokoteni wa vitunguu nikakumbuka kitu: kivuko hiki, kwa mtu wa miguu, ni bure. Katika safari yangu nzima siku ile, yale maji ya Kilindini ndiyo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniambia hana chenji.

Lilikotoka

Nilipofika nyumbani nikalifuatilia neno lenyewe. Chenji tumelitwaa kwa Waingereza. Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa wa kale, na Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini: cambire, baadaye cambiare, yaani kubadilishana. Hata Kilatini hakikulizaa. Wataalamu wengi hulipeleka kwa Waselti, watu waliokaa Ufaransa ya leo kabla ya Warumi, ambao kwao mzizi wa neno hilo ulikuwa na maana ya kupinda. Ni neno lililoazimwa na kila aliyelikuta njiani, kama ngazi ya jirani mwenye mnazi mrefu.

Sasa sikiza kisa hiki, maana kimenistaajabisha. Moja ya maandishi ya kale ambamo neno hilo linaonekana yametoka Afrika. Mwandishi wake ni Apuleius, mzaliwa wa Madauros, mji uliokuwa katika Algeria ya leo. Karibu mwaka 158 au 159 alishitakiwa huko Sabratha, pwani ya Libya, kwa kosa ambalo Mombasa hatuhitaji kuelezwa: kwamba amemroga mjane tajiri, Pudentilla, mpaka akakubali kuolewa naye. Limbwata, kwa lugha ya barazani. Katika kujitetea anamgeukia mshitaki wake na kumpiga kijembe kwamba yeye hajui wala hajali kama mwenzake huyo ana watumwa wa kumlimia shamba, au hubadilishana kazi kwa zamu na majirani. Hapo kwenye kubadilishana kazi na majirani ndipo neno linapokaa.

Apuleius alitaka kumdhalilisha mtu kwa umaskini wake. Mimi nikasoma nikaona kijiji changu. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Leo sufuria liko kwako, Ijumaa ijayo liko kwangu. Sisi tunaita kikoa, kula kwa zamu, na mama zetu wakakipeleka mbele wakafanya upatu na vyama vya kina mama ambavyo vimeezeka mabati nyumba nyingi za Timbwani na Mtongwe. Katika mpango huo hakuna anayebaki na kitu cha mwenzake. Akibaki nacho, kila mtu anajua ni cha nani na zamu ya kukirudisha ni lini.

Neno hilo limesambaa kwa njia nyingi. Huko Malindi, mji uliozoeana na Waitalia tangu walipojenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, Mtaliano anayebadilisha yuro zake huita shughuli hiyo cambio. Mwanafunzi wa biolojia hulikuta ndani ya mti: kambiamu, ule utando mwembamba unaojenga mti upande wa ndani na gome upande wa nje. Vijana nao wamelitia kwenye mapenzi na siasa, "amenichenjia", na hapo huhitaji kamusi.

Haya, na kabla ya Mwingereza kutuletea chenji, tulikuwa na nini? Tulikuwa na Mwarabu. Kwake, mzizi wa kubadilisha fedha ni sarf, na anayekaa sokoni kuzibadilisha ni sarraf. Kwetu mzizi huo ukazaa sarafu. Ukazaa masurufu, pesa za matumizi anazoachiwa mke asubuhi au msafiri safarini. Na kwa kuwa Waarabu hao hao huita sarf elimu ya kugeuza maneno kutoka umbo hadi umbo, ukazaa pia sarufi, ile iliyowatoa jasho wengi wetu darasani. Yaani sarafu na sarufi ni ndugu wa tumbo moja. Pwani hii, palipopita Mwarabu, Mreno na Mwingereza, kila aliyeshuka jahazini alikuja na neno lake la nipe nikupe, na yote yalikuwa na pande mbili.

Chenji letu la leo limebaki na upande mmoja. Tumelikata, tukachukua kipande cha mwisho tu, kile kinachobaki baada ya mwenye duka au mwenye gari kushiba. Mmoja ameshapata, mwingine anangoja.

Daftari la upande mmoja

Nenda kwenye duka lolote la mtaani, pale Shelly au Ujamaa. Juu ya mzani pana daftari lenye kona zilizojikunja. Ukikopa unga, jina lako litaandikwa, na tarehe, na pengine "mke wa fundi" pembeni ili usije ukakana. Vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka ana watoto.

Lakini mtoto wako akienda na noti ya 100 kununua mafuta ya kupima ya 50 na kibiriti cha 10, akaambiwa "mwambie mama chenji yake iko, atachukua jioni," ile 40 inaandikwa wapi? Mimi sijaiona ikiandikwa. Kwa muda wa saa sita au siku mbili, wewe umemkopesha mwenye duka, bila riba, bila karatasi, bila hata kuombwa. Jioni ukipita yuko shemeji yake, hana habari. Kesho yake unaona haya. Arubaini tu! Mtu mzima anadai arubaini? Keshokutwa umesahau, na yeye hakuwa na sababu ya kukukumbusha.

Au mtoto harudi na pesa kabisa, anarudi na switi mbili na ulimi mwekundu. Nani aliyesema nyumba yangu inahitaji switi? Jaribu wewe siku moja kumlipa huyo huyo kwa switi zake mwenyewe uone kama atazipokea.

Watu hunijibu kwamba hizo ni pesa ndogo. Ndogo kwa nani? Shilingi 5 kila siku kwa mwaka ni 1,825. Shilingi 10 ni 3,650. Kwa nyumba ambayo inanunua sukari ya kupima, sabuni ya kukatwa na mafuta kwa kikombe, hiyo ni pesa ya sare ya shule na viatu vyake. Bandubandu huisha gogo, na anayebanduliwa ni yule anayenunua mara nyingi kwa kidogo kidogo. Anayenunua gunia zima mara moja kwa mwezi huulizwa chenji mara moja kwa mwezi. Anayenunua kikombe huulizwa mara tatu kwa siku.

Juu kabisa nako mambo ni hayo hayo. Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli hututangazia bei za mafuta ya gari mpaka senti za mwisho. Senti gani? Nani amewahi kurudishiwa senti hizo pampuni? Tunatangaziwa pesa ambayo mkono hauishiki tena.

Jirani zetu wa Tanzania ndio waliolikuza neno hili likafikia ukubwa wa taifa. Mwaka 2001 serikali yao ilikubali kununua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, ikapigiwa kelele tangu mwanzo kuwa ni ghali kupita kiasi. Mambo yakachunguzwa miaka nenda miaka rudi. Desemba 2010 kampuni ikatozwa faini mahakamani London kwa kosa ililolikiri yenyewe, na kosa lenyewe, nawe msomaji tabasamu, ni kutotunza daftari za hesabu ipasavyo. Ikaafikiwa Watanzania warudishiwe pauni milioni 29.5, na mwaka 2012 pesa hizo zikatengwa kwa vitabu na madawati ya shule. Watu wakaziita chenji ya rada. Sikumbuki kusikia jina la kejeli lililokaa vizuri zaidi ya hilo. Nauli milioni 28, chenji milioni 29 na nusu: konda wa namna hiyo Likoni hatujampata bado. Lakini tazama ilichukua muda gani. Mbele yao ilikuwa umbali wa miaka kumi na zaidi, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza rada iliponunuliwa alikuwa ameshamaliza shule madawati yalipokuja.

"Nipe nambari nikutumie"

Nilidhani simu itatuokoa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 nilisema basi, biashara ya "sina" imekwisha, maana simuni pesa haina ukubwa wa noti. Ukitaka kulipa 63, unalipa 63.

Kwa sehemu ni kweli, na mwenye kukataa hilo ni mbishi tu. Lakini waliokuwa wakisema "chenji utapata mbele" wamejifunza sentensi mpya: "Nipe nambari, nitakutumia." Akutumie 30, nawe hiyo 30 huwezi kwenda kuitoa kwa wakala, kwa kuwa hatoi chini ya 50. Itakaa humo mpaka ipate mwenzake. Tena hapo nimesema akikutumia.

Na kuna lingine ambalo wanaume hatulifikirii. Mpwa wangu anasoma chuo kisiwani, huvuka kila siku. Amenieleza kwamba alisharidhia kupoteza chenji kuliko kumpa konda nambari yake. Alimpa mmoja mara moja, kwa ajili ya shilingi 50. Hamsini ilikuja. Kisha usiku zikaja salamu, kisha picha, kisha "mbona unaringa". Ilimbidi abadilishe laini. Hesabu hiyo ya msichana anayechagua baina ya 50 zake na utulivu wake haimo kwenye takwimu ya mtu yeyote.

Nisije nikaonekana nimemkalia konda kooni. Nimewahi kufika stejini kabla ya alfajiri nikamwona mmoja akimbembeleza muuza kahawa amvunjie noti ya 1,000. Mzee wa kahawa ndiye benki ya steji: kikombe kimoja shilingi 10, na kufika saa moja asubuhi sanduku lake chini ya dele linalia kama njuga. Alimvunjia 400 tu, akamwambia nyingine akaombe msikitini. Konda huyo ana tajiri anayetaka hesabu yake jioni, ana dereva, ana mafuta, na abiria wa kwanza anampa noti ya 1,000 kwa safari ya 50, kana kwamba gari ni hazina ya serikali. Najua. Na nikisema kweli yote, kwangu juu ya kabati pana mkebe wa kahawa umejaa sarafu: twiga za shilingi moja, vifaru vya tano, hata ile ya 40 iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Nimezifungia huko, kisha natoka nje kulalamika kwamba mtaani hakuna chenji. Mke wangu amenikumbusha hilo mara mbili nikiandika makala haya.

Bado sibadilishi neno. Mkebe wangu ni uzembe wangu, nitaumwaga. Lakini mimi kwenye gari ni mnunuzi, sikufungua biashara. Aliyefungua biashara ya nauli ndogo ndogo bila kujitayarishia pesa ndogo ni kama aliyefungua hoteli bila sahani, kisha anawaambia wateja wabebe kwa mikono.

Kwamba inawezekana, najua kwa sababu naiona kila Jumapili. Alasiri huwa nateremka ufuoni Shelly, maji yakiwa yamerudi na watoto wa Likoni nzima wako ndani na tyubu za kukodi. Chini ya mvinje mmoja hukaa mama mtu mzima anayeuza mihogo na achari. Hana kibanda wala droo. Chenji yake iko kwenye pindo la leso, mafundo mawili: moja la sarafu za ndovu na simba, jingine la vifaru. (Leso nayo tulipewa na Mreno, naye aliitoa Kilatini. Siwezi kujizuia.) Nilimuuliza anazipata wapi. Akaniambia Jumamosi jioni huenda kwa muuza kahawa wa karibu na kwake na noti zake za wiki, na hawezi kupika kabla hajarudi. "Muhogo ninao shambani," akasema. "Chenji ndiyo naitafuta."

Jumapili iliyopita nilimpa 100 kwa mihogo ya 20. Mbele yangu walikuwapo watoto watatu na mmoja aliyelowa chepe, na kila mmoja alirudishiwa zake. Akafungua fundo la kwanza kwa meno, akanitilia kiganjani ndovu watatu na simba wawili, mmoja mmoja, akitaja. Nikafumba mkono nigeuke.

"Hesabu kwanza," akanishika kiwiko. "Hapa hapa, mbele yangu."